Amplifaya Ndogo ya Kuitia Ndege wa Usiku: Niliyojifunza Kati ya Tanga na Amani

Vijana wanaowaongoza wageni katika msitu wa Amani, ulio katika milima ya Usambara Mashariki, wanaposhuka Tanga mjini na kuingia katika karakana yangu ya redio hapa Ngamiani, swali lao la kwanza huwa ni lile lile: amplifaya ya wati ngapi inatosha kumwita bundi? Ni swali la haki, kwa kuwa kila spika inayouzwa madukani imeandikwa wati zake kwa tarakimu kubwa ubavuni. Hata hivyo, kuvitengeneza vyombo hivi na kuvibeba mwenyewe milimani kumenifanya niamini kwamba wati ni jambo la kutazamwa mwishoni, baada ya mtu kujiridhisha na usafi wa sauti, na spika, na rekodi yenyewe, na jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa, yaani ukimya wa chombo katika muda ambao hakijaamriwa kutoa sauti yoyote.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Kumwita mnyama kwa sauti iliyorekodiwa hufanyika sehemu nyingi za dunia, kila mahali kwa nia yake. Nchini Marekani wapo wawindaji wanaojificha kichakani na kupiga rekodi ya sungura anayelia kwa maumivu ili koyote, mbwa mwitu wa huko, asogee. Katika mbuga za Afrika, watafiti hufunga spika kubwa juu ya gari wakati wa usiku, wakapiga sauti ya ndama wa nyati aliye taabani, kisha wakawahesabu fisi na simba wanaoifuata. Huku kwetu, katika milima ya Usambara Mashariki, waongozaji na wahesabu ndege hupiga mlio wa ndege fulani ili ndege wa aina hiyo, akidhani kwamba mgeni ameingia katika eneo lake, aitikie au ajitokeze. Mimi nimewahudumia hasa hawa wa mwisho. Wawindaji nao wamewahi kunijia, na jibu langu kwao ni fupi: asiye na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 simtengenezei chombo, hata kama anachotaka kukiita ni kanga.

Anayedhani kwamba kurunzi peke yake inatosha hajawahi kumtafuta yule bundi mdogo ambaye wataalamu humwita Otus ireneae. Aligunduliwa mwaka 1965 katika msitu wa Sokoke nchini Kenya, na anajulikana katika misitu michache tu ya pwani ya huko pamoja na misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Urefu wake ni kama sentimita 17, manyoya yake yana rangi ya gome na ya majani makavu, na anapotulia mtu anaweza kupita chini ya tawi lake mara kadhaa bila kumwona. Njia ya kumpata ni kumsikia. Yupo pia bundi mkubwa wa Usambara, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1908 kwa heshima ya Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa kituo cha Amani enzi za Wajerumani. Huyu mlio wake ni mguno mzito unaotoka chini sana. Na mchana kuna ndege mdogo mwenye mdomo mrefu mwembamba, Artisornis moreaui, anayebeba jina la Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani kuanzia mwaka 1928. Ndege huyu hapatikani popote duniani ila Usambara Mashariki na sehemu moja ya kaskazini mwa Msumbiji, na sauti yake ni nyembamba, ya juu, yenye mlio wa chuma. Nimewataja watatu hawa kwa makusudi, kwa sababu mtu anayechagua amplifaya na spika kwa ajili ya Amani anachagua chombo kitakachoweza kusema kwa sauti nzito ya bundi mkubwa na kwa sauti nyembamba ya huyu mdogo, na vitu viwili hivyo haviwezi kupatikana kirahisi katika boksi moja.

Sasa nirudi kwenye wati. Spika nyingi za bei nafuu zimeandikwa wati mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu, huku zikichajiwa na chaja ya simu ya volti 5 na ampia 1. Mtu azidishe mwenyewe: volti 5 mara ampia 1 ni wati 5, na betri iliyomo ndani haiwezi kutoa kwa muda mrefu zaidi ya kile ilichopokea. Tarakimu zile kubwa hupimwa kwa kishindo cha muda mfupi mno katika mazingira yasiyofanana na matumizi ya kawaida, na kwa mtu anayekwenda msituni hazina maana yoyote. Nawasihi vijana wasizisome kabisa.

Zaidi ya hapo, hata wati za kweli hazizai sauti kwa uwiano ambao watu wanaudhania. Ukiongeza nguvu maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Ili sikio la mtu lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika kama desibeli 10, na hizo ni nguvu mara kumi. Kwa hiyo anayeacha amplifaya ya wati 3 akanunua ya wati 30, akabeba na betri yake nzito kupanda mlima kutoka Zigi, amejipatia sauti iliyozidi mara mbili tu kwa sikio. Kwa upande mwingine, spika zenyewe hutofautiana sana katika uwezo wa kugeuza umeme kuwa sauti. Kwa wati 1, spika ndogo ya kawaida hutoa kama desibeli 85 ukiisikiliza kwa umbali wa mita 1, lakini spika ya honi, ya aina ile inayofungwa kwenye minara ya misikiti, hutoa desibeli 105 au zaidi. Tofauti hiyo ya desibeli 20 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara 100. Ndiyo maana mteja akiniambia ana fedha kidogo, namshauri sehemu kubwa aitumie kununulia spika.

Na je, sauti kiasi gani inahitajika? Tuchukue spika nzuri kiasi, yenye desibeli 90 kwa wati 1. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6. Kutoka mita 1 hadi mita 32 kuna kuongezeka maradufu mara tano, yaani hasara ya desibeli 30, na zinabaki 60, ambazo ni sauti ya mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa pamoja. Majani na mashina ya miti yatapunguza nyingine kidogo. Lakini msitu wa Amani saa nne za usiku, pasipo upepo, ni mahali ambapo mtu husikia tone la maji likianguka kwenye jani, na bundi ana masikio makali kuliko yetu. Wati 1 safi, narudia, safi, inamfikia ndege yeyote ambaye una haki ya kumsumbua. Anayetaka kumwita bundi aliye kilomita 1 mbali anataka kumwita bundi ambaye hataweza kumwona hata akijibu.

Kuhusu amplifaya zenyewe, nimejenga na kutumia za namna tatu, na kila moja ina mahali pake. Ya kwanza ni ile inayotumia chipu ya LM386, ambayo mafundi wa redio wanaijua tangu zamani. Ina miguu minane, inaendeshwa na betri ya volti 9 ya mraba, na kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani) hutoa takriban robo tatu ya wati. Ikiwa haijaunganishwa kitu kati ya mguu wa 1 na wa 8 hukuza mara 20. Ukiweka hapo kapasita ya mikrofaradi 10, hukuza mara 200. Mafundi wengi huiweka kapasita hiyo kwa mazoea, nami naona si vyema kwa kazi hii, kwa sababu simu au kichezeo cha muziki tayari hutoa sauti ya kutosha, na kukuza mara 200 kunakuza pia ule mchemko wa chini kwa chini ambao mtu mjini hausikii ila bundi anausikia. Ukuzaji wa mara 20 unatosha. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye betri: ile ya mraba ya volti 9 ina chaji kidogo, na sauti ikipanda volti zake huyumba, mlio ukaanza kukwaruza. Nikiitengeneza leo hutumia betri ndogo 6 za kawaida zilizopangwa mfululizo, ambazo hukaa usiku mzima bila kulegea.

Ya pili ni ile ya PAM8403, kibao kidogo kuliko stempu ya barua, kinachouzwa kwa bei ya sahani ya chakula. Hufanya kazi kwa volti 5 au pungufu, na kwa spika ya omu 4 hutajwa kutoa wati 3 kila upande, ingawa anayetaka sauti isiyokwaruza ahesabu 2. Sifa yake ni kutopoteza umeme: amplifaya za namna hii hukata umeme vipande vidogo vidogo kwa kasi kubwa, hivyo sehemu kubwa ya chaji hugeuka kuwa nguvu ya kuisukuma spika, wakati zile za kizamani hupoteza karibu nusu kwa joto. Seli moja ya lithiamu huiendesha kwa saa nyingi. Lakini ina sharti moja ambalo limeua vibao vingi mikononi mwa wanaojiungia wenyewe: waya hasi wa spika usiguswe na waya hasi wa betri, wala nyaya hasi za spika mbili zisiunganishwe pamoja, kwa sababu katika kibao hiki nyaya zote mbili za spika hubeba sauti. Fundi aliyezoea redio za kale huziunganisha bila kufikiri, na kibao huungua.

Ya tatu ni ya TDA2003, chipu ya redio za magari, inayotaka volti 12 hadi 14 za umeme wa gari na hutoa kama wati 4 hadi 6 kwa spika ya omu 4. Ni imara na sauti yake ni nzuri, lakini inahitaji kipande cha bati cha kupoozea na betri ya pikipiki au mfano wake. Hii nawapa tu wanaofanya kazi wakiwa na gari, mahali pa wazi penye upepo wa kusi, kama vile kwenye nyanda za kuelekea Saadani. Kwa msitu wa mlimani ni mzigo usio na faida.

Kila ninayoijenga naijaribu kwa namna ambayo ningependa kila mnunuzi aifuate hata kwa chombo alichonunua dukani. Nasubiri usiku, mtaa ukishalala, naiwasha bila kupiga rekodi yoyote, natega sikio mbele ya spika kwa umbali wa hatua moja. Nikisikia mchemko, naupeleleza mpaka niupate chanzo chake. Kisha naizima na kuiwasha mara kadhaa nikisikiliza kama inatoa ule mshindo wa ghafla wakati swichi inapobanwa. Mshindo huo ni adui mkubwa kuliko upungufu wa wati, kwa kuwa msituni hakuna kitu cha asili kinachotoa sauti ya namna hiyo, na ndege aliyekuwa amekaa mita kumi kutoka kwako ataondoka kabla hujapiga mlio wa kwanza. Dawa yake ya haraka ni kuwasha chombo mapema, mara tu mnapofika, sauti ikiwa imeshushwa mpaka mwisho, halafu kukiacha kikiwa hai muda wote.

Spika ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi kuizungumzia, kwa sababu ndipo fedha za watu hupotea. Nimeona vijana wakibeba spika tupu, isiyo na boksi, wakiishika mkononi kwa waya. Spika inaposukuma hewa mbele huwa inaivuta nyuma, na kwa sauti nzito mawimbi ya mbele na ya nyuma huzungukana ukingoni na kufutana. Wimbi la sauti ya hezi 300, yaani mitetemo 300 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 1, hivyo kipande cha spika cha inchi 4 hakina cha kulizuia. Matokeo yake mguno wa bundi mkubwa hutoka mwembamba, umekatwa miguu, na ndege hautambui. Spika hiyo hiyo ikifungwa katika boksi dogo la mbao lililozibwa vizuri, ambalo seremala yeyote wa Ngamiani anaweza kulitengeneza kwa vipande vilivyobaki, sauti nzito hurudi. Honi kwa upande wake ni ya ajabu kwa milio ya kati na ya juu, lakini chini ya hezi 300 au 400 hunyamaza kabisa. Kwa hiyo anayemtafuta Artisornis moreaui ukingoni mwa msitu karibu na mashamba ya chai atumie honi ndogo au spika ndogo nyepesi, na anayemtafuta bundi mkubwa atumie boksi. Atakayetaka chombo kimoja kwa yote achague boksi lenye spika ya inchi 4, ambayo koni yake ni ya plastiki. Koni ya karatasi katika unyevu wa Amani huvimba, ikalegea, na baada ya masika moja au mawili sauti yake huwa ya kukohoa.

Chanzo cha sauti nacho kina mambo yake. Simu ni rahisi kwa kuwa kila mtu anayo, lakini simu iliyo karibu na amplifaya, inapotafuta mtandao wa kizamani wa kupigia, hurusha mapigo 217 kwa sekunde, na amplifaya huyapokea kupitia waya wake na kuyatoa kwenye spika kama ule mngurumo wa kukatakata ambao kila mmiliki wa redio anaujua. Huko milimani mtandao ni hafifu, simu huongeza nguvu ya kuutafuta, na mngurumo huzidi. Kwa hiyo simu iwekwe katika hali ya ndegeni, ile inayozima mtandao, kabla ya kuingia msituni, jambo ambalo pia litazuia mlio wa ujumbe kutoka kwa jamaa kusikika kwa sauti ya wati 3 gizani. Mimi napendelea kile kichezeo kidogo cha muziki chenye memori kadi. Ni cha bei ndogo, hakitafuti mtandao wowote, na kina vitufe ambavyo kidole huvijua bila mwanga.

Spika za Bluetooth zimenipa mashaka. Zinavutia kwa sababu hazina waya, zinastahimili maji, na nyingine zina sauti nzuri kweli. Lakini nyingi huwa na sauti ya mtu au kengele inayotangaza kwamba zimeunganishwa, na hutangaza tena betri inaposhuka, na mara nyingi fundi hawezi kuiondoa. Nyingine hujizima zenyewe zikikaa kimya kwa dakika chache, na kama nitakavyoeleza, kukaa kimya ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii. Anayenunua spika ya namna hiyo aijaribu kwanza dukani: aiunganishe, aiache bila kupiga kitu kwa robo saa, kisha aone itakavyofanya. Ikipita jaribio hilo, basi ni chombo kizuri.

Hakuna amplifaya inayoweza kuitengeneza rekodi mbovu. Tangu mwaka 2005 upo mkusanyo wa wazi wa sauti za ndege unaoitwa xeno-canto, ambapo watu wa dunia nzima huweka rekodi zao, na ndege wetu wengi wamo. Namhimiza kila mwongozaji achague rekodi iliyofanyika karibu na hapa, kwa kuwa ndege wa aina moja huweza kutofautiana milio kutoka nchi moja hadi nyingine, kisha aisikilize yote kwa makini kabla ya kuipeleka msituni. Mara nyingi mwanzoni kuna sauti ya mrekodi akitaja tarehe na mahali, au katikati kuna komba anayelia kwa mbali, au perere. Sehemu hizo zikatwe. Nami huongeza jambo moja: sekunde mbili za mwanzo nazifanya zipande polepole kutoka kimya, ili mlio usimwangukie ndege kwa ghafla. Kazi hii hufanyika kwenye kompyuta yoyote kwa programu ya bure ya kuhariri sauti, wala haihitaji utaalamu mkubwa.

Namna ya kukitumia chombo chenyewe sikuipata katika vitabu vya saketi. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Kibondei, mkazi wa kijiji kilicho chini ya msitu, ambaye kwa miaka mingi aliwaongoza wageni akiwaita ndege kwa mluzi wake tu. Nilipofika kwake mara ya kwanza nikiwa na boksi langu, nilimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, hicho ni nini?" Nilimweleza. Aliniomba nipige mlio wa yule bundi mdogo, akausikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, akasema sauti ni yenyewe. Kisha akaniuliza ninaupiga kwa muda gani. Nilipomjibu kwamba inategemea, alitikisa kichwa. "Mjukuu wangu, hodi hupigwa mara tatu. Ukiitikiwa unanyamaza, usipoitikiwa unaondoka. Anayeendelea kubisha hodi baada ya kuitikiwa, mwenye nyumba atamwona ni mtu wa shari."

Sijapata kanuni iliyo bora kuliko hiyo. Tunapiga mlio kwa takriban nusu dakika, kisha tunakaa kimya kwa dakika kadhaa, taa zote zikiwa zimezimwa. Tunarudia, na mara ya tatu ikipita bila jibu tunahamia mahali pengine. Ndege akijibu, chombo kinazimwa papo hapo na hakiwashwi tena mahali hapo usiku huo, kwa sababu tangu dakika hiyo kila mlio unaoongezwa ni wa kumnyima muda wake wa kuwinda na wa kulinda mke na makinda. Wakati wa kutaga na kulea hatuwaiti kabisa. Wageni wengine hukasirika, wakisema wamelipa ili wamwone ndege. Mimi namheshimu mwongozaji anayestahimili hasira hiyo, na vijana ninaowajengea vyombo huniahidi hivyo kabla hawajalipa.

Sauti ya kuanzia iwe ndogo kuliko unavyodhani inafaa. Ndege huenda yuko mita nane juu ya kichwa chako, na mlio mkubwa kwake ni tangazo la mpinzani mwenye nguvu kuliko yeye. Bundi mdogo akisikia hivyo hunyamaza au huhama. Inafaa pia kusubiri. Jua linapotua nyenje hulia kwa nguvu kiasi cha kuufunika mlio wowote wa juu, na anayeanza kuita wakati huo hushawishika kuongeza sauti bure. Baada ya muda hupungua, na hapo robo ya sauti ile inatosha.

Spika isikae mikononi mwa anayeita. Ndege au mnyama anayekuja huja akiitazama sehemu inayotoa mlio, na akikuta watu wamesimama hapo hurudi. Iwekwe mbali kidogo, mita 10 au 15, juu ya kisiki au tawi la usawa wa kifua, si chini ardhini ambako majani huimeza sauti. Hapa suala la waya huingia. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.5 una ukinzani wa karibu omu 0.035 kwa kila mita. Kwa mita 15, kwenda na kurudi, inakuwa omu 1, na kwa spika ya omu 4 sehemu moja ya tano ya nguvu hupotelea njiani. Hilo linavumilika. Lakini ule waya mwembamba wa kengele, ambao watu huununua kwa kuwa ni mwepesi, unaweza kula karibu nusu ya nguvu yote. Spika ya omu 8 hupunguza hasara hiyo, nami kwa wanaotumia waya mrefu huwapa ya omu 8.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa mbali hawalijui, nalo ni majirani. Katika vijiji vingi vya Tanga mlio wa bundi karibu na nyumba huleta hofu, kwani wengi huuchukua kuwa ni ishara ya msiba. Kwenda kupiga mlio huo kwa spika usiku kandokando ya makazi bila kuwaarifu watu ni kuwakosea adabu, na kunaweza kuwaletea ndege wenyewe madhara asubuhi, mtu akiamua kumsaka bundi anayedhani ameutembelea ukuta wake. Mbali na kibali cha ofisi ya hifadhi, ambacho ni lazima kwa kila anayeingia msituni, tunamwona mwenyekiti wa kitongoji mchana, tunamwonyesha chombo, tunampigia mlio akausikia, na tunamwambia tutakuwa wapi na mpaka saa ngapi. Mara nyingi watoto hukusanyika, na wazee huanza kueleza ndege gani walikuwa wakisikika zamani upande gani wa mto, habari ambazo hakuna kompyuta inayozihifadhi.

Utunzaji wa chombo nitausema kwa ufupi. Hewa ya chumvi hapa Tanga hugeuza miguu ya shaba kuwa ya kijani, na unyevu wa mlimani humalizia kazi hiyo. Kibao kikishajaribiwa nakipaka tabaka jembamba la rangi ya kucha isiyo na rangi, isipokuwa kwenye matundu na kizungusho cha sauti. Betri zitolewe chombo kinapowekwa kabatini. Seli za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu zisitumike bila kile kibao kidogo cha kuzilinda dhidi ya kuchajiwa kupita kiasi na kuishiwa kupita kiasi, kwani seli isiyolindwa huweza kushika moto ndani ya begi lililo mgongoni mwa mtu.

Wahesabu ndege wana hitaji moja zaidi ambalo waongozaji hawana. Wakipiga kwa sauti kubwa mwaka huu na kwa sauti ndogo mwaka ujao, idadi ya waliojibu haiwezi kulinganishwa, kwa sababu mlio mkubwa hufikia ndege wa mbali zaidi na kuongeza hesabu bila bundi hata mmoja kuongezeka. Kwa ajili yao nafunga rekodi moja, spika moja, na amplifaya ambayo ukuzaji wake hauwezi kubadilishwa. Napima sauti kwa mita ya desibeli kwa umbali wa mita 1, naandika kipimo hicho ndani ya kifuniko, kisha nakiondoa kizungusho cha sauti na kuweka rezista mbili mahali pake, ili atakayekibeba chombo miaka mitano ijayo asiwe na kitu cha kuzungusha.